Jembe Lenye Macho la Mama Mkwe

Babu wa babu yangu aliwahi kumkimbiza mama mkwe wake porini, mchana kweupe, mpaka mbele ya Mjerumani na kijiji kizima.

Ndiyo, kumkimbiza. Mama wa watu mbele na jembe begani, yeye nyuma anapiga kelele.

Kama umeoa Ugogo, hapo ulipo umeshashika kichwa. Kama hujaoa huko, kaa nikupe mkasa mzima. Nimeusikia kwa babu tangu niko mdogo, na kila akiusimulia alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Jamaa aliitwa Ndahani. Mjerumani ndiyo kwanza alikuwa amepitisha reli yake kuja Dodoma, na Ndahani alikuwa amebeba mataruma huko mpaka bega likaota sugu. Alitoka na faida mbili. Moja, Kiswahili cha kuungaunga. Nyingine, ujuzi wa kupiga chuma, alioudokoa kwa kuwavukutia moto wahunzi wa reli.

Akarudi kwake upande wa Kikombo, akajenga tanuri nyuma ya tembe lake. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi, jiwe la kufulia chuma, na nyundo moja nzito ambayo hakuna mtu aliyemuuliza ameitoa wapi.

Kazi yake ilikuwa kufufua majembe mabovu.

Maana zamani zile jembe halikutupwa ovyo. Lilitoka mbali na wachuuzi, ukalima nalo miaka na miaka, mawe ya Ugogo yakalila mpaka likabaki dogo kama kijiko cha uji. Hapo ndipo unakwenda kwa Ndahani. Analitia moto, anagonga, anaungia kipande cha chuma mbele, anapachika mpini, unakwenda zako shambani kiroho safi.

Siku moja mkewe Loisi akatoka kwao, ng'ambo ya korongo, ameshika kitu kwenye kitambaa. Akakifungua mbele ya mumewe.

"Hiki nini?" Ndahani akauliza.

"Jembe la mama."

"Jembe? Mimi naona ulimi wa mbuzi."

Loisi hakucheka. "Mama anasema, kama unatengeneza majembe ya walevi wote wa hapa, la kwake likushinde kwa nini? Na anasema mvua ikianguka hana jembe, nirudi nyumbani nikamlimie."

"Urudi kwa muda gani?"

"Hakusema. Mimi nimeshaanza kufunga mzigo."

Ndahani akaweka nyundo chini. Tuseme tu ukweli, alimpenda sana yule mwanamke. Na alijua mke akienda kulima kwa mamaye, kaka zake hawakosi maneno ya kumwekea asirudi.

Sasa subiri, kuna jambo lazima ulielewe hapa, ndilo lililoleta vurugu yote.

Kwa desturi ya huko, mume na mama wa mkewe hawatazamani. Hawaongei. Hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani, anajifunika nguo kichwani, anatazama porini mpaka mwenzake apite. Ndiyo heshima yenyewe. Ndahani alikuwa na miaka kadhaa kwenye ndoa na alimjua mkwewe kwa miguu na kikohozi tu. Jina lake hakulitaja mpaka anaingia kaburini, na ndiyo maana hata mimi ninayekusimulia silijui.

Maneno yote yalipita kwa Loisi. Bila Loisi, kimya.

Haya. Ndahani akatafuta chuma, hakuna. Akatafuta tena, hakuna. Na mawingu yalishaanza kujikusanya. Ndipo akatokea Shaaban, mchuuzi wa Kirangi kutoka Kolo, na punda wake wamebeba chumvi na asali.

Shaaban akatazama kulia, akatazama kushoto, akachomoa kitu chini ya gunia la chumvi.

"Hiki kitakufaa, fundi?"

Kilikuwa chuma hasa. Kizito, kimekatwa nusu, kina matundu mawili ya mviringo. Ndahani alikijua hata kabla hajakigusa. Ni kile kibamba kinachounga reli na reli, na matundu ndiyo ya kupitishia boliti. Amevifunga vingi kwa mikono yake mwenyewe.

"Shaaban, hiki umekitoa wapi?"

"Bwana wee, unataka chuma au unataka habari za ukoo wake?"

Ndahani alitazama mawingu. Akatazama mlangoni, Loisi alikuwa anakunja nguo zake za kubatiziwa na kuzipanga kwenye kikapu.

"Nataka chuma," akasema.

Akakipika kutwa nzima. Akanyunyiza mchanga wa korongo pale kwenye kiungo, akagonga mpaka chuma kipya na jembe la zamani vikashikana. Likatoka jembe pana, kali, la kutisha. Kasoro moja tu. Yale matundu mawili yalibaki katikati, yametoa macho.

Kuyaziba kungemchukua kutwa nyingine. Akajiambia mawe yatalila, macho yatapotea yenyewe. Fundi akianza kujiambia hivyo, ujue kazi imemchosha.

Loisi alipoliona akacheka mpaka akakaa chini. "Linanitazama!" Akalipeleka kwa mamaye, na aliporudi akafungua mzigo wake. Ndahani akalala usingizi wa mfalme.

Kumbe kimeumana.

Msimamizi wa reli pale kituoni alikuwa Mjerumani mmoja mwekundu, watu walimwita Bwana Pilipili. Alikuwa na rundo la vile vibamba kando ya reli, vya akiba, na alivipenda kama watoto wake. Akagundua kimoja hakipo. Akapandisha mori. Mbiu ikapigwa kila mahali: kesho watu wote waje kituoni na majembe yao na kila chuma walicho nacho. Atakayeacha hata kisu nyumbani, huyo ndiye mwizi.

Asubuhi Loisi akatangulia na wanawake wenzake. Ndahani akabaki nyuma anakusanya vyuma vyake. Ndipo akili ikamjia: lile jembe! Mama mkwe atalibeba, atasimama nalo mbele ya Pilipili, macho mawili yametumbuliwa. Atachapwa mama wa watu kwa kosa la fundi.

Akatupa vyuma, akatoka mbio kuelekea korongoni.

Akamwona. Yaani, akaiona ile miguu. Mama alikuwa ameacha njia, anakwenda kwenye kichuguu kikubwa na jembe begani.

Hapo Ndahani akakwama. Aite nini? Jina, mwiko. Kumsogelea, mwiko. Kumtuma mtu, hakuna mtu. Akajifunika nguo kichwani, akageukia pembeni, akapaza sauti kuelekea porini kama anaongea na mbuyu.

"Wewe mama wa mtu! Hilo jembe! Lete hilo jembe!"

Mama kusikia sauti ya mkwe wake, ya mkwe wake kabisa, inamwita yeye, akatimka.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ndahani akatimka naye.

"Simama! Jembe!"

Mama anaongeza mwendo. Angegeuka hata kidogo angeona ni mtu mmoja, mikono mitupu, anahema. Lakini angegeukaje, amtazame mkwe usoni? Na Ndahani na nguo yake kichwani anakimbia kwa kuotea, anaingia kwenye miiba, anatoka, anajikwaa, anaomba radhi kwa miti. Ndivyo walivyokwenda, wote wawili na heshima zao, bila kuangalia wanakoelekea, mpaka wakatokea uwanjani kwa Bwana Pilipili.

Kijiji kizima kikapiga ukelele. Wazee wakajifunika nyuso. Wanawake wakageuka ukutani. Loisi akaketi chini pale pale, mikono kichwani.

Askari Mustapha, aliyekuwa mkalimani, akawashika wote wawili.

Pilipili akabwata kitu. Mustapha akatafsiri: "Bwana anauliza, kwa nini unamkimbiza mama huyu?"

"Simkimbizi."

"Tumekuona sote."

"Mimi na yeye hatuongei," Ndahani akasema kutoka ndani ya nguo.

Mustapha akamweleza Mjerumani. Mjerumani akamtazama Mustapha kwa muda mrefu, kama mtu anayejuta kuja Afrika. Halafu macho yake yakashuka kwenye jembe.

Akalichukua. Akaokota kibamba kimoja kutoka kwenye rundo, akakilaza juu yake. Tundu kwa tundu, sawasawa.

"Jembe la nani?"

 Ndahani, kichwa chini, hakuona kitu ila miguu ya mkwewe, vumbi mpaka magotini. Ilikuwa inatetemeka. Miaka yote ile aliijua miguu ile ikitembea kwa maringo, na leo inatetemeka. Ikamuuma.

"Langu," akasema. "Na chuma nimeiba mimi."

"Hamsa ishirini," akasema Pilipili. Viboko ishirini na vitano; hiyo haikuhitaji mkalimani.

Sitakusimulia kiboko kilivyolia. Babu mwenyewe akifika hapo alikuwa hacheki. Anasema tu kwamba Ndahani alilazwa kifudifudi mbele ya mkewe, mbele ya watu aliowatengenezea majembe, na jembe lenyewe likatupwa kwenye rundo la vyuma.

Jioni alikuwa kwake, amelala kwa tumbo, Loisi anamkanda na maji ya moto. Mgongo na makalio vinawaka, lakini kilichomtesa zaidi ni kingine. Jembe limekwenda. Mama hana jembe. Mvua hiyo, imeshaanza kunukia. Akawa anakitazama kile kikapu cha Loisi pale pembeni.

"Utaondoka lini?" akauliza.

Loisi hajajibu, wakasikia kikohozi. Nje, nyuma ya ukuta wa tembe, pale penye kitundu cha hewa, upana wa viganja viwili.

"Loisi," sauti ikasema. "Mwambie huyo mtu wako, nimekuja."

Loisi akamgeukia mumewe. "Mama anasema amekuja."

"Nimesikia. Ana sauti kama tarumbeta."

"Anasema karibu, mama," Loisi akapaza.

"Mwambie ni mjinga. Nilikuwa naenda kulifukia lile jembe kwenye kichuguu. Angeniacha hatua chache tu, tungekuwa tumemaliza."

Loisi akaanza, "Mama anasema..."

"Nimesikia!" Ndahani akainua kichwa. "Muulize alijuaje kwamba ni la kufukiwa? Nani alimwambia chuma ni cha reli?"

 Mama akakohoa tena, kikohozi kirefu cha mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mwambie kile kibamba nilikitoa mimi kwenye rundo. Reli yao imepita katikati ya shamba langu, hakuna aliyenibishia hodi. Nikampa Shaaban, akanipa chumvi. Sasa naletewa jembe langu, nalitazama, nalo linanitazama. Nikakijua chuma changu."

Loisi hakutafsiri. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nilipomsikia anapiga kelele nyuma yangu," mama akaendelea, "nikajua Shaaban amenitaja, na mkwe anakuja kunishika mwizi. Ndiyo maana nilikimbia."

Ndahani akalaza shavu kwenye ngozi aliyolalia. Mwili wake ukaanza kutikisika, Loisi akadhani analia. Kumbe anacheka, na kila akicheka mgongo unamuuma, anapiga yowe, halafu anacheka tena.

Halafu mama akafanya jambo ambalo hakuna mkwe aliyelifanya. Hakumwita Loisi. Aliinamia kile kitundu, akasema moja kwa moja:

"Pole, mwanangu. Mke ni wako. Simdai tena, hata mvua ije bila jembe."

Ndahani akageuza uso ukutani. Machozi yakamtoka, na haikuwa kwa sababu ya kiboko. Akamwambia Loisi, kwa sauti ya chini, "Mwambie asante."

"Mwambie mwenyewe."

"Asante, mama," akauambia ukuta.

Kitundu kikatiwa kiza. Kitu kizito kikapenya, kikaanguka ndani, ngwa! Lile jembe, pana, kali, limetolewa mpini, macho mawili yanamtazama Ndahani pale chini.

"Wakati watu wote wameduwaa kutazama makalio yako," mama akasema, akianza kuondoka, "mimi nilikuwa karibu na rundo. Sasa safari hii yazibe hayo matundu."

Akayaziba. Jembe lile lipo kwetu mpaka leo, na ukilipapasa katikati vidole vinakuta vivimbe viwili.

Ninachotaka ukae nacho ni hiki. Heshima ni nzuri, na mimi mkwe wangu namheshimu mpaka basi. Lakini kama una neno la kumwokoa mtu, au yeye analo la kukuokoa wewe, usisubiri mtu wa kutumwa. Lipitishe hata ukutani. Babu wa babu yangu alingoja ukuta huo miaka, na gharama yake aliilalia kifudifudi.