Moraa Aliombewa Kanisani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpa Moraa ugonjwa wa moyo. Moraa ni msichana niliyembuni na kumchora mwenyewe, kwa kuiga katuni za Kijapani: nywele za rangi ya fedha, macho makubwa, mabawa meupe, akielea juu ya mashamba ya majani chai ya kwetu Ikonge, ukungu ukipanda. Nilitaka awe kamili, nikamwandikia maisha kwenye karatasi ya pembeni: yatima, miaka kumi na sita, anaogopa kulala moyo usije ukasimama. Ili karatasi isikunjike, nikaiweka ndani ya Biblia ya mama.

Jumamosi, siku ya Sabato, mama aliikuta, akadhani ni ombi, akalisoma kanisani. Akina mama wakapiga magoti wakilia. Nami kwa woga nikafumba macho, nikaomba nao.

Kesho yake, Jumapili, wakafika kwetu na ndizi mbivu za mgonjwa.

“Huu ni mwandiko wako,” mama akasema. “Tupeleke kwa huyo mtoto.”

Nikawaletea daftari la michoro, nikawaonyesha Moraa. Jirani yetu, Mama Kerubo, akauliza, “Ako na mabawa na bado ni mgonjwa?”

Siku hizi naandika juu ya kila ukurasa kwamba mtu huyu ni wa kubuni. Moraa nilimponya, mama alinisimamia nikiandika.