Tuseme

Kazi yangu ni kupiga video za harusi na kipaimara. Chumba changu cha picha kipo Bagara, jirani na mashine ya kusaga. Nimeishia darasa la saba. Kwa hiyo mama mmoja, mwalimu mstaafu, alipokuja kuomba chumba na kamera, arekodi hesabu za chuo kikuu kwa Kiswahili na kuzirusha mtandaoni, nilimwambia atafute mtu mwenye kichwa.

"Kichwa ninacho mimi," akasema. "Wewe lete kamera."

Wenzake walishamwambia hesabu za juu hazifundishiki kwa Kiswahili, kwamba atachekesha watu tu. Alitaka kuwaonyesha kuwa zinafundishika. Hakunificha, alinieleza siku ileile.

Tulirekodi asubuhi kabla mashine haijaanza kunguruma. Ubao niliutundika mbele ya pazia la bluu la picha za pasipoti. Somo la kwanza lilihusu namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Alifundisha karibu saa nzima bila kutazama karatasi. Mimi nilielewa salamu tu.

Kwenye kuhariri nikafanya kama ninavyowafanyia wazee wa harusi. Mzee akishika kipaza sauti husema "yaani", "nanii", "tuseme", nami huvikata vyote ili aonekane msemaji. Mwalimu alikuwa na "tuseme" nyingi mno. Nilizikata moja moja, nikairusha video mtandaoni, na nilijiona nimemtendea wema.

Jumapili baada ya ibada akaja, simu mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hebu nisikilize."

Sauti yake kwenye simu ikasema: "Namba tasa zina mwisho. Kubwa kuliko zote ni hii hapa." Chini ya video mtazamaji mmoja alikuwa ameandika kwamba mama huyu anapotosha watoto wa watu, na ndiyo maana hesabu zibaki kwa Kiingereza.

Nisimwonee mtazamaji huyo. Kwa alichokisikia, alikuwa sahihi.

"Nilisema 'tuseme zina mwisho'," Mwalimu akaniambia. "Naukubali uongo kwanza, naufuata mpaka ujikwae wenyewe. Ukiondoa tuseme, uongo unakuwa wangu."

Nikamweleza habari ya wazee wa harusi. Nilitegemea atabeba ubao wake aondoke, na angekuwa na haki. Badala yake akauliza, "Harusi ya mwanangu si wewe uliyepiga?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Kumbe ndiyo maana shemeji yangu aliongea vizuri vile."

Akanikalisha kwenye kiti cha picha. "Tuseme namba tasa zote zimekwisha, tunazo hapa. Zizidishe zote pamoja, ongeza moja. Sasa gawanya kwa yoyote kati ya hizo."

Nilifikiri hadi nikaona aibu. "Inabaki moja."

"Kila mara? Na kumbuka, kila namba zaidi ya moja hugawanyika kwa namba tasa fulani."

"Kila mara. Basi kuna namba tasa nyingine ambayo hatunayo hapa."

"Na tulisema zote tunazo. Nani kakosea?"

"Ile tuseme," nikasema. Sijui kama ningejibu hivyo mbele ya watu, lakini nilijibu.

Kwa bahati sikuwa nimefuta kadi ya kamera. Nikairudisha video nzima, na kikohozi chake humohumo. Siku tatu baadaye mtazamaji yuleyule akaandika: "Nimefuata mpaka mwisho. Samahani, mama." Mtu mmoja si wengi, na wale wenzake Mwalimu sijui kama waliona. Ila Mwalimu alisoma maneno hayo mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kesho mashine inawashwa saa ngapi.

Asubuhi nikawasha kamera. Akasimama mbele ya ubao, akatazama moja kwa moja kwenye lenzi.

"Tuseme fundi wetu wa video hakukosea," akaanza. "Tuone tutafika wapi."

Nilicheka, picha ikatikisika. Hapo sikukata kitu.