Siku Mabibi Walipolishana Mwaka Mpya

Mimi ni mwoga wa koo. Utotoni, kwetu Uvira, Kongo, nilimwona mjomba wangu akikabwa na kipande cha nyama mezani. Alipona, lakini tangu siku ile siwezi kukaa na mtu anayekula bila kumtazama shingoni. Na Mungu, kwa utani wake, akanipa kazi ya kulisha wazee, katika kituo wanakoshinda mchana huku Liverpool, upande wa magharibi wa Sydney.

Kati yao walikuwamo mabibi wawili wajane, Mjapani na Mgiriki. Kiingereza chao ukikijumlisha hakijai kijiko, kwa hiyo waliongea kwa mikono na kwa vyakula. Mjapani alimfundisha mwenzake kufunga zawadi kwa kitambaa. Mgiriki naye akamfundisha karata na kugombana kwa sauti, lakini somo la kugombana halikuingia hata kidogo. Mjapani akishinda, anaomba radhi.

Januari moja, joto la kuyeyusha lami, wakakubaliana kila mmoja amletee mwenzake chakula cha Mwaka Mpya cha kwao. Mjapani akaleta mochi, vibonge vya wali uliotwangwa mpaka ukawa kitu cha kunata. Nilibonyeza kimoja, kikaning'ang'ania kidole. Mgiriki ana meno ya bandia, na hula kama mtu anayewahi treni.

"Dada, ile kitu itamuua," nilimwambia mwenzangu wa zamu, Mkenya.

"Wacha bana! Wazee wana-enjoy, wewe unawaangalia kama polisi."

Sikumsikiliza. Nilichukua mkasi wa jikoni nikaikata mochi vipande vidogo, na Mjapani akaitikia kwa kichwa, kumbe hata kwao wazee hukatiwa hivyo. Kisha nikasimama karibu na Mgiriki, macho shingoni mwake, akimeza nami nameza. Alipolamba vidole vyake na kuomba kingine, nilikaribia kulia.

Hapo Mgiriki akakata keki ya Mwaka Mpya aliyoileta yeye. Kipande cha kwanza alikichagua kwa makini, akampa rafiki yake. Akaninong'oneza, macho yakicheka, kwamba humo ndani ameficha sarafu. Kwao anayeipata huwa na bahati mwaka mzima.

"Yeye anajua?" nilimuuliza.

"Hapana! Siri!"

Niligeuka. Mjapani alikuwa ameacha kutafuna. Alitutazama, akatabasamu kwa adabu, akameza.

Mtu anayekosa pumzi hapigi kelele. Mikono yake ilibaki mapajani, midomo ikaanza kuwa ya zambarau. Niliogopa mpaka Kiingereza chote kikanitoka, nikapiga mayowe kwa Kifuliiru, lugha ya nyumbani. Mikono yangu ndiyo iliyokumbuka mafunzo. Nilimwinamisha, nikampiga kwa kiganja kati ya mabega, nikarudia, nikarudia tena, huku nikiogopa kuuvunja ule mgongo mwembamba. Mgiriki alikuwa amepiga magoti mbele yake, kiganja kimekingwa chini ya kidevu cha mwenzake, akilia. Sarafu ikamwangukia mkononi pamoja na mate.

Mkenya alikuwa tayari anaita ambulensi. Mjapani alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa samahani. Polepole tukamwelewa. Alihisi kitu kigumu mdomoni, akadhani ni kipande cha chuma kilichoingia kwenye keki kwa bahati mbaya. Angekitoa, mpishi angeaibika mbele yetu sote. Kwa hiyo akaona heri akimeze.

Nilitaka kumgombeza, lakini nikaishia kukaa sakafuni palepale, kando yake. Aliyegomba ni Mgiriki. Alimshika mashavu kwa mikono yote miwili, akamfokea kwa Kiingereza chake cha kuokoteza:

"Niaibishe! Niaibishe kila siku! Lakini usinifie."