Ndoo ya Lugembe Kwenye Ofisi ya Vibali

Mlinzi alipanda juu ya kiti cha plastiki katikati ya maegesho ya magari, akashika kipaza sauti, akasema, "Mwenye ndoo ya asali ajitokeze kwa hiari yake," na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, nikageuza shingo kulia na kushoto kama wenzangu, namtafuta huyo mwenye ndoo. Na ningepona, maana tulikuwa watu wengi sana, jengo zima la ghorofa nane limemwagwa nje, nani angenijua? Nyuki walinijua. Walikuwa wametua kwenye kofia yangu, mabegani, mikononi mpaka kwenye viwiko, na watu wakawa wananipisha kidogo kidogo, huyu hatua moja, yule hatua mbili, mpaka nikabaki nimesimama peke yangu kwenye duara kama mcheza ngoma. Mama mmoja akasema, "Ni huyu mzee." Wala hakuhitaji kunyoosha kidole.

Aibu ile bado ninayo. Nimerudi Mpanda muda sasa, nimefungua kibanda cha kutengeneza milango, na kila mwenye kuleta mbao ananiuliza kwa nini niliacha Nairobi, nami nasema mgongo. Sio mgongo. Leo nasema kweli na majina nitayataja (nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo mkikuta nukta imekosekana wekeni wenyewe).

Mimi ni mtu wa Ugalla, nimezaliwa kwenye mizinga ya nyuki. Nairobi nilikwenda kwa ajili ya mbao, nikapata kazi kwenye karakana ya milango ya mama mmoja mjane, Mama Njeri, ambaye siku ya kwanza alinipa vipande vitatu vya mbao nifumbe macho ninuse, nikamwambia huu mninga, huu sio mninga, na huu aliyekuuzia amekuibia. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo akaniita "Fundi Pua," na saa nne kila asubuhi alikuwa anatuletea chai ya maziwa kwenye chupa kubwa, na mimi ananiwekea kikombe changu pembeni, chenye mpini uliovunjika, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukishika. Nakikumbuka kile kikombe kuliko ninavyokumbuka baadhi ya ndugu zangu.

Lakini maisha ya mgeni kwenye jiji ni foleni. Foleni ya kusajili laini, foleni ya picha ndogo, foleni ya kuambiwa picha hizo sio za ukubwa huo, rudi kule. Ukifungua mdomo dukani wanajua, "Aa, wewe ni wa Tanzania, ongea tu pole pole, tuna time." Na wakati wa jioni, nikiwa nimechoka, kitu kilichokuwa kinanisumbua ni hamu ya asali ya kwetu. Ya dukani pale ilikuwa tamu, ndiyo, lakini haina moshi, haina gome la mti, haina kitu.

Hapo ndipo anaingia Lugembe. Lugembe ni mtoto wa mama yangu mdogo, kwa hiyo ni mdogo wangu, na ndiye niliyemwachia mizinga yangu yote. Nikampigia simu.

"Lugembe, nitumie asali."

"Kaka, miti bado ina maua. Subiri kidogo."

"Nimesubiri sana mdogo wangu. Fanya haraka."

Naomba mlisikie vizuri hilo neno. Nilisema fanya haraka. Sikusema fanya mbichi.

Ndoo ikatoka Mpanda, ikapita mikononi mwa madereva watatu, ikafika Nairobi siku ileile ambayo kibali changu cha kazi kilikuwa kinaisha. Mwisho wake ilikuwa siku hiyo, saa kumi jioni. Mama Njeri alikuwa ameshaniandikia barua, ameniambia, "Fundi, leo usicheze. Bila hiyo stampu siwezi kukuweka hapa, watanifungia karakana." Mimi nikaamka alfajiri, nikapitia kwanza kituo cha basi kuchukua ndoo, nikasema nikiirudisha chumbani nitakosa namba za mwanzo, ngoja niende nayo. Uamuzi mdogo tu huo. Ningeiacha pale kituoni mpaka jioni, leo ningekuwa nakunywa chai kwenye kikombe changu.

Na dalili niliiona, siwezi kukana. Mfuniko ulikuwa umevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Mtu wa nyuki akiona hivyo anajua asali inachacha ndani, imevunwa ikiwa na maji, kabla nyuki hawajayaziba masega kwa nta, na dawa yake ni kulegeza mfuniko ipumue. Lakini Lugembe alikuwa ameufunga kwa kamba ya gome, ile tunayochuna porini na kulainisha kwa meno, amepiga fundo la marehemu baba yangu (baba alimfundisha yeye, mimi vidole vilinishinda). Nilipoliona lile fundo, pale kituoni, katikati ya honi na moshi wa magari, macho yakaniuma. Nikashindwa kulikata. Nikasema nitalifungua Jumapili na wenzangu wa nyumbani, kwa heshima. Fundo ndilo lililoniponza.

Mlangoni mlinzi mwingine, sio yule wa kipaza sauti, jina lake Barasa, akanisimamisha.

"Mzee, umebeba nini?"

"Asali."

"Ya wapi?"

"Katavi."

"Katavi ni wapi?"

"Unakwenda mpaka uchoke, halafu unaendelea."

Akacheka. Badala ya kufanya kazi yake, kusema ndoo ibaki nje, akasema, "Pita, lakini ukitoka unikumbuke." Barasa, na wewe nimekuandika.

Ghorofa ya tatu nikapata namba, nikakaa kwenye benchi karibu na dirisha, ndoo miguuni, na jua la asubuhi likawa linaichemsha ile ndoo taratibu kama uji. Pembeni yangu fundi cherehani mmoja kutoka Kongo, tukaanza kuhadithiana kila mtu na kwao, yeye samaki wa mtoni, mimi mizinga ya gome, mpaka na yeye akawa anafuta macho. Akaniambia, "Papa, ndoo yako inaongea." Kweli ilikuwa inaongea, fsss, fsss. Nikamwambia inasalimia.

Namba yangu ikaitwa. Dirishani alikuwa Bi Akinyi, dada mpole, kavaa blauzi nyeupe kama karatasi. Nikaogopa kuiacha ndoo chini isije ikaibiwa, nikaipandisha juu ya kaunta, juu ya pasipoti yangu na barua ya Mama Njeri.

Ikalipuka.

Mfuniko niliuona ukigonga dari. Kilichofuata sikukiona, maana macho yangu yalikuwa yamejaa asali. Nilipoyafuta, Bi Akinyi alikuwa amekaa palepale, masega yananing'inia kwenye nywele zake, anasema kwa sauti ndogo sana, "Mzee, hii ni nini umenifanyia?" Mafaili, mihuri, kibodi, vyote vinatiririka povu chachu.

Ingeishia hapo ingekuwa aibu ya chumba kimoja. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na nje kulikuwa na jakaranda imechanua. Akaja nyuki mmoja. Wakaja kumi. Kabla watu hawajamaliza kucheka chumba kizima kikawa kinavuma, akina mama wanapiga kelele, wanaume wanapunga mafaili. Na mimi, badala ya kukimbia, nikakumbuka mimi ni nani. Nikasimama nikasema, "Tulieni! Nyuki hapungiwi mkono! Nyuki anapewa moshi!" Nikakunja bahasha ya kaki, nikatoa kiberiti, nikawasha, nikapuliza vizuri kama baba alivyonifundisha, moshi laini, chini kwa chini. Wallahi walitulia. Kwa muda kidogo tu ofisi nzima ilikuwa inaniangalia mimi kwa heshima, na yule Mkongo akapiga makofi.

Halafu kidude cheupe kule darini kikaanza kulia, vya ghorofa zote vikaitikia, ngazi zikajaa watu, wengine wamepanga foleni tangu usiku na namba zao zote zikafutwa siku hiyo. Mengine mnayajua, nimeanza nayo.

Pale chini Bi Akinyi alinifuata mwenyewe, kajifunga taulo kichwani, akanirudishia pasipoti kwa vidole viwili. Hakunitukana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alisema, "Mzee wangu, hata kurasa hazifunguki. Nitapiga stampu wapi?" Ikabidi nirudi Tanzania kutafuta pasipoti nyingine. Mama Njeri alinisindikiza mpaka kwenye basi, akanipa kile kikombe kimefungwa kwenye gazeti. Alingoja kwa muda aliongoja, akachukua fundi mwingine, simlaumu. Kikombe kilifika Mpanda kimevunjika vipande viwili. Nimekiweka juu ya dirisha la kibanda.

Sasa Lugembe anapita mtaani anasema asali ilikuwa nzima, eti ni basi lililoitikisa. Anawaambia watoto wa ukoo kwamba kaka yake alishindwa na mji. Mimi nilishindwa na mji? Mji ulinipa kikombe changu peke yangu! Basi mwezi ujao, tukikutana Ugalla wenye mizinga wote kabla ya kuingia porini, nataka asimame mbele ya wazee na mbele ya wanangu, aishike kamba ile ya gome (ninayo, niliiokota, bado inanata), na asinieleze habari za basi wala barabara. Nilisema haraka, nimekubali, hilo nitalibeba mimi. Yeye ndiye aliyekata masega kwa mkono wake, na macho anayo. Ajibu kitu kimoja tu: Lugembe, siku ile unayatoa mzingani, yalikuwa yamezibwa nta, au uliniona mimi kaka yako ni mtu wa mbali, nitakula chochote?