Pistoni Inayogonga Ikiwa Baridi

Nilikuwa gereji Iyunga nikisubiri gari langu, wakaingia mke na mume wakibishana. Kesho yake walikuwa wanasafiri kwenda Iringa kumuoza binti yao, na jirani alishawatisha kwamba injini imekufa.

"Asubuhi inagonga ko-ko-ko," mume akamwambia fundi.

"Siyo ko-ko-ko, ni taka-taka-taka!" mke akasahihisha, akipiga viganja.

Fundi akawasha gari. Injini ikanguruma vizuri, bila kugonga.

"Imepata moto njiani," akasema. "Tuiache ipoe."

Tukanywa chai, baridi ya Mbeya ikafanya kazi yake. Alipowasha tena, injini ikagonga waziwazi. Mama akapiga kigelegele: "Si mmeisikia!" Gereji nzima tukacheka. Ilipopata moto, kelele ikaisha.

Fundi akapima oili, akaridhika. "Pistoni imelika kidogo. Ikiwa baridi inacheza ndani ya silinda, ikipata moto inatanuka, inakaa sawa. Iringa mtafika, mama. Ikigonga hata ikiwa ya moto, hapo tutaifungua."

Mume akamkumbatia fundi pamoja na grisi yake yote, mke akaanza kucheza. Sijawahi kuona watu wakifurahi namna ile kwa kuambiwa injini yao imechakaa.