Mashine ya Mjomba ya Kukunia Nazi

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali upande wa Tononoka, ofisi iliyokuwa na jina refu kuliko kazi yake. Tuliagizwa tukusanye ubunifu wa mafundi wa Pwani, tuuchore na kuuandika, kisha tuupeleke Nairobi ili hata fundi wa Kisumu anufaike. Niliamini kabisa, na hilo linaniudhi hadi leo.

Fundi wa kwanza niliyemwandika alikuwa mjomba wangu. Katika karakana yake ya Mji wa Kale alikuwa ametengeneza mashine ya kukunia nazi kutokana na cherehani kuukuu. Unakanyaga, kisu cha meno kinazunguka, nazi inakwisha kabla mwenzako hajaketi vizuri kwenye mbuzi ya kukunia. Meno yake yalikaa miaka bila kuwa butu.

Jioni tatu nilichora kila kipande. Tulipofika kwenye meno, mjomba alisema, "Hapo andika, yatiwe moto." Kisha akaagiza kahawa.

Nilijua kuna la zaidi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mafundi wetu hawamwagi yote mbele ya fomu. Lakini mpwa hamchokonoi mjomba wake, nami nilikuwa na haraka. Nikaandika: yatiwe moto.

Nairobi walitengeneza moja kwa kufuata karatasi zangu. Meno yakapinda siku ya kwanza. Barua ikaja: kifaa hakifai, faili limefungwa. Nilipomsomea mjomba alicheka mpaka akakohoa. Nilikasirika, nikakata mguu kwake miezi kadhaa, ujinga mtupu.

Katika miezi hiyo akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na ulimi pia. Nilikwenda mbio na daftari. Chuma kiwe rangi gani motoni? Kizamishwe kwenye nini ili kikaze? Maji? Mafuta ya nazi? Mafuta ya papa? Kila nilichotaja aliitikia kwa kichwa.

Mkewe akanivuta kando. "Muache, mwanangu. Alikuwa akikungoja weye. Akisema hiyo ni ya wa nyumbani, haitiwi failini. Akingoja uye umuulize kama mpwa wake."

Nikaliweka daftari chini, nikarudi kitandani kwake, nikamshika mkono na kumuuliza kama mpwa. Akaitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia maji na mafuta.