Kioo cha Mama Shaba

Mama Shaba hakuwa na mtoto aitwaye Shaba. Jina alibandikwa na mtaa kwa sababu ya mabomba ya shaba aliyokuwa akiyabeba begani, na kwa miaka ishirini aliliitikia bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mitambo ya kupashia maji kwa jua: sanduku la bati, ndani mabomba yaliyopakwa rangi nyeusi, juu kioo cha dirisha, na tangi limeinuliwa kidogo. Maji yakishapata moto hupanda yenyewe hadi tangini, bila pampu wala umeme. Wateja walidhani kuna uchawi. Yeye aliwaambia maji ya moto yana maringo, hayataki kukaa chini na wenzake.

Kilichomuudhi ni kuona joto lote lile likipotea bure juu ya mapaa huku hospitali zikichoma kuni. Kwa hiyo wizara ilipoita wananchi kutoa maoni juu ya sheria ya maji ya moto, alivaa gauni lake la kwendea harusi za watu, akaenda kuitetea mpaka sauti ikakauka. Sheria ikapita. Kila wodi na bweni jipya lazima lipashe maji kwa jua, na anayenunua mtambo wenye muhuri wa ubora hupunguziwa kodi. Mama Shaba alishangilia wiki nzima kabla ya kugundua kwamba muhuri wenyewe hana.

Bila muhuri asingepata kazi ya wodi mpya ya wazazi, na bila kazi ile karakana ilikuwa inafungwa, hakuna cha kuzungushana. Basi akapeleka mtambo mmoja kwenye uwanja wa majaribio. Mpimaji, bwana mmoja mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, akamweleza kwamba mtambo utakaa juani siku tatu, mtupu, bila tone la maji ndani. Kila siku saa nane atakuja kuumwagia maji baridi. Kioo kikistahimili, amefaulu.

Mama Shaba alikereka. Fundi gani huyo anayeacha mtambo mtupu wazi juani? Mtambo hufunikwa blanketi mpaka maji yaingie. Hilo alikuwa amelihubiri nyumbani mara mia, hasa kwa mumewe, mlinzi mstaafu aliyemsaidia kupandisha matangi. Mpimaji akamjibu taratibu kwamba maji ya mtaa yakikatika mtambo hubaki mtupu vilevile, na mvua haibishi hodi kabla ya kukimwagikia kioo cha moto. Mama Shaba akamwachia mumewe kazi ya kuuchunga mtambo usiibwe na, kwa hasira zake, hakumweleza zaidi.

Siku ya tatu mume alirudi na cheti, muhuri umekaa katikati kama jicho. Mama Shaba alilia kwa furaha, akakisoma mara nne. Walipokaa kula, mzee akaanza kujimwagia sifa.

"Ile siku ya kwanza nilikuta wameuacha wazi, mtupu kabisa," alisema. "Nikaufunika blanketi. Nikimwona mpimaji anakuja, nalitoa haraka, nisimwaibishe mtu wa watu."

Mama Shaba akaweka chini tonge lake.

Kesho yake asubuhi alitoa mtambo mwingine karakanani, akauacha wazi, mtupu. Saa nane akaumwagia ndoo ya maji. Kioo kilipasuka kwa mshindo, vipande vikaruka mpaka mlangoni. Mumewe akaokota kipande kimoja.

"Cheti tunacho, mke wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nani atajua?"

Hakuwa mtu mbaya, aliogopa njaa. Hata Mama Shaba aliogopa, tena kuliko yeye. Lakini alishaiona ramani ya wodi ile. Mtambo ungekaa juu ya njia ambayo akina mama wangepita wakitoka na vichanga vyao. Alifagia vipande, akanawa, akachukua cheti.

Walikwenda wote wawili. Mpimaji aliwasikiliza bila kukatiza, akafuta namba ya cheti kwenye daftari lake, akasema inatakiwa kioo kilichoimarishwa kwa moto, na kipimo kingine ni mwakani. Wodi ingepewa kampuni nyingine. Mama Shaba aliitikia kwa kichwa. Aliona aibu kulia mbele ya mtu aliyekuwa sahihi.

Huko nje mumewe akamwomba radhi. Alimjibu kwamba hana kosa, alifanya vile alivyofundishwa.

"Angalau hakuna aliyeumia," mzee akasema.

Mama Shaba akasimama palepale barabarani. Alikuwa ameiwaza wodi tu, wodi ambayo haijajengwa bado.

"Tumefunga mitambo arobaini na mmoja," alisema. "Yote ina kioo hikihiki. Tuanze kwa wifi, wajukuu wanacheza chini yake."

Mume akamwambia kwamba kwa dada yake maji yamekatika tangu juzi.

Wakaanza kukimbia.